Kukijua Chungu cha Meksiko

Mama akienda sokoni kununua chungu hukigonga kwa kidole na kusikiliza. Kikilia wazi kama kengele, ni kizima. Kikilia butu, kina ufa, hata kama jicho halijauona. Basi, wakadiriaji wa vyungu vya rangi vya nchi ya Meksiko nao huanza hivyo hivyo. Ila wao hawaishii hapo.

Mwaka 1976 msomi wa Marekani, jina lake Spencer MacCallum, aliingia katika duka la vitu vikuukuu mjini Deming, jimbo la New Mexico, akaona vyungu vitatu vyembamba, vimechorwa kwa mkono usiotetemeka. Havikuwa na jina la mfinyanzi. Mtu angeweza kudhani ni kazi ya watu wa kale wa Paquimé, mji wa kaskazini ya Meksiko ulioachwa mahame karne nyingi zilizopita. MacCallum hakuridhika. Alivipiga picha, akavuka mpaka, akauliza huku na huku, hata akafika kijiji cha Mata Ortiz. Huko akamkuta mwenye mkono ule, Juan Quezada.

Bwana huyu, aliyezaliwa mwaka 1940, alikuwa akikata kuni milimani tangu utoto, na huko aliokota vigae vya Paquimé. Hakuna aliyemfundisha ufinyanzi. Alijaribu udongo huu na ule, na mawe ya rangi, miaka mingi, mpaka akafaulu. Gurudumu hakutumia: alitandaza udongo kama chapati ndani ya bakuli, akazungushia juu yake pingili moja nene ya udongo, kisha akaivuta juu kwa vidole hata ikawa ukuta. Alisugua kwa jiwe, akachora kwa brashi ya nywele za mtu, na akachoma kwa mavi makavu ya ng'ombe. Jamaa na majirani wakajifunza kwake, na kijiji kizima kikapata riziki. Mwaka 1999 alipewa tuzo ya taifa. Akafariki mwaka 2022.

Sasa tazameni madhara ya chungu kisicho na jina. Wachuuzi wengine walivichakaza vile vya mwanzo na kuviuza kuwa ni vya kale. Mnunuzi alidanganywa, na mfinyanzi aliibiwa sifa. Kwa hiyo mkadiriaji hukipindua chungu kwanza, asome kitakoni. Kisha hupapasa ukuta: je, unene ni sawasawa tangu chini mpaka mdomoni? Hufuata mstari kwa jicho: je, ukizunguka chungu unakutana vizuri na mahali ulipoanzia? Hapo ndipo mkono wa fundi unapojulikana. Ufa uliozibwa na kupakwa rangi hushusha bei sana, nao hupatikana kwa ukucha na kwa mlio. Na uzee peke yake si thamani. Chungu cha Quezada chenye jina lake hushinda vingi vilivyo vya zamani.

Katika mji wa Puebla mambo ni mengine. Vyombo vyao, viitwavyo Talavera, hupakwa ganda jeupe lenye bati, huchorwa, na kuchomwa mara mbili. Ukipitisha kidole utaihisi rangi imeinuka. Mwaka 1653 chama cha wafinyanzi wa huko kiliweka sheria ya kutenga vyombo vya daraja mbalimbali, na kila fundi atie alama yake. Mimi naiona sheria hiyo ya busara sana. Tangu mwaka 1995 jina hilo linalindwa na serikali, lakini bandia bado ni nyingi.

Neno moja kwa akina mama. Ganda linalong'aa la vyombo vingi vilivyochomwa kwa moto mdogo lina madini ya risasi. Ndimu, siki na nyanya huitoa risasi hiyo ikaingia katika chakula, nayo hudhuru akili za watoto. Haionekani kwa macho, hata chombo kiwe kizuri namna gani. Vyombo vya namna hiyo vikae ukutani.

Vya Mata Ortiz havina ganda hilo, lakini navyo si vya kupikia wala vya kutilia maji, maana maji hupenya na kuharibu nakshi. Kuvifuta vumbi kwa kitambaa kikavu kunatosha.