Ruta: Bawabu wa Mtandao Mdogo

Shule au ofisi ndogo iliyo Kerenge, wilayani Korogwe, yaweza kupata intaneti kwa njia ya mnara wa simu. Mawimbi ya mnara hupokewa na chombo kidogo kiitwacho ruta, na kompyuta zote hupitia hapo. Kukifunga chombo hiki si kazi ngumu. Lakini akifungaye bila kukielewa huacha mlango wazi.

Jambo la kwanza ni anwani. Kila chombo kilichomo katika intaneti hutambuliwa kwa namba. Katika utaratibu wa zamani, ambao bado unatumika sana, namba hiyo ina tarakimu 32 za 0 na 1. Anwani zinazowezekana basi ni 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296. Watu duniani wamekwisha kupita bilioni 8. Ni dhahiri kwamba anwani hazitoshi.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1996 yalitengwa rasmi mafungu matatu ya anwani kwa matumizi ya ndani tu. Mojawapo ni la zile zianzazo na 192.168. Kampuni ya simu huipa ruta anwani moja, nayo ruta huzigawia kompyuta anwani za ndani. Mpango huu wafanana na sanduku la posta la shule: barua za wanafunzi wote huja kwa S.L.P. moja, kisha karani huzigawa kwa majina. Kila ujumbe utokapo, ruta huutia namba maalumu na kuandika katika orodha yake ni kompyuta ipi iliyoutuma. Jibu lirudipo, hutazama orodha na kulifikisha panapohusika.

Ili kuipanga ruta, kompyuta huunganishwa nayo, kisha anwani iliyoandikwa juu ya chombo, aghalabu 192.168.1.1 au 192.168.0.1, hufunguliwa kama ukurasa wa intaneti. Hapo nywila ya msimamizi iliyotoka kiwandani hubadilishwa. Mtandao hupewa jina. Na ulinzi wa WPA2 au WPA3 huchaguliwa, pamoja na nywila nyingine ya watumiaji.

Mahali pa kuiweka pia ni muhimu. Mawimbi ya gigahezi 2.4 yana urefu wa sentimita 12.5: mwendo wa mwanga, mita 300,000,000 kwa sekunde, hugawanywa kwa 2,400,000,000. Hupenya kuta za matofali kuliko yale ya gigahezi 5, lakini mabati na kabati za chuma huyarudisha. Kwa hiyo ruta huwekwa juu, katikati ya jengo.

Anayepuuza nywila na akumbuke mwaka 2016. Programu haribifu iitwayo Mirai ilitafuta ruta na kamera zenye nywila za kiwandani, ikaviteka vyombo hivyo kwa maelfu mengi. Tarehe 21 Oktoba vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa nyingi zikashindwa kufikika kwa saa kadhaa. Wenye vyombo hivyo hawakuwa na habari.

Wanafunzi wawili waliounganishwa na ruta moja na wazitazame anwani za kompyuta zao. Kwa kawaida, mafungu matatu ya kwanza ya namba yatalingana; la nne litatofautiana. Hiyo ndiyo kazi ya bawabu.