Kijana mgeni alipomkabili Jordan: somo kwetu wenye kurasa ndogo

Wafanyabiashara wenzangu, leo naomba niwasimulie kuhusu mpira wa kikapu. Msinikimbie, mtaona ninakoelekea.

Mimi nauza raba za mtumba mtandaoni. Nachagua mzigo Karume asubuhi, naosha, napiga picha, naposti. Kuna kurasa kubwa zinauza raba kama zangu, na kila zikishusha bei na mimi nashusha. Ilifika mahali pesa ya kikoba naitoa kwenye mtaji, siyo kwenye faida. Nikawaza kufunga ukurasa.

Siku moja nikauza Reebok nyeupe yenye ncha nyekundu kwa elfu ishirini. Mteja alipokuja kuchukua akacheka. "Dada, umeniuzia bei chee mno. Hii ni Question, raba ya kwanza ya Allen Iverson, ilitoka 1996. Kaangalie alivyomfanya Jordan."

Nilipofika nyumbani nikatafuta ile video. Nimeirudia sijui mara ngapi.

Ilikuwa tarehe 12 Machi 1997, mjini Philadelphia. Iverson alikuwa na miaka 21, msimu wake wa kwanza NBA, timu yake 76ers. Wageni walikuwa Chicago Bulls, mabingwa watetezi. Michael Jordan wakati ule alikuwa na miaka 34 na ubingwa mara nne. Iverson alikuwa na urefu wa kama sentimita 183 tu, Jordan anakaribia mita mbili. Yaani ukurasa wenye wafuasi mia tatu umekutana na ukurasa wenye tiki ya bluu.

Iverson mwenyewe amesimulia kwamba alimsikia kocha wa Bulls, Phil Jackson, akimwita Michael amkabe. Uwanja mzima unaangalia. Sasa tazama alichofanya.

Hakuanza na kishindo. Alihamisha mpira kidogo tu toka mkono mmoja kwenda mwingine, kumpima Jordan kama ataufuata. Jordan akaufuata. Iverson akamwacha ajipange tena, kisha akarudia mchezo ule ule, safari hii kwa nguvu na kwa upana. Jordan akaegemea upande mmoja, kijana akapita upande wa pili, akarusha, ikaingia. Na bado Jordan aliwahi kurudi akanyoosha mkono, kidogo tu auguse mpira.

Kilichonigusa zaidi ni pale alipoupata ule ujanja. Hakuubuni usiku ule. Alipokuwa chuo cha Georgetown kulikuwa na mwenzake wa timu, Dean Berry, mchezaji asiye na jina kubwa. Mazoezini Berry alikuwa anampita kwa mtindo ule kila mara, mpaka Iverson akamwomba amfundishe. Akaufanyia mazoezi mpaka ukawa wake. Kwa hiyo alipofika mbele ya Jordan, kujiamini kwake hakukuwa maneno ya mdomoni. Alikuwa na kitu mkononi anachokijua vizuri.

Hapo nikajiuliza: mimi ninajua nini kuhusu raba zangu? Jibu liliniumiza. Hata jina la ile niliyouza nilikuwa silijui.

Nikaanza kwa kujifunza. Nilimtafuta mzee mmoja fundi viatu mtaani kwetu, akanionyesha jinsi ya kukagua soli, gundi na mishono. Kisha nikapima kidogo, kama Iverson. Sikuchukua mkopo wa kikoba kununua jozi ishirini. Nilichukua jozi tatu tu. Kila moja nikairekodi video fupi: urefu wa ndani kwa sentimita, hali ya soli, kasoro iliyopo, jina lake na mwaka kama naujua. Bei nikaweka elfu thelathini na tano, sikushusha.

Mbili ziliuzika wiki ile ile, na aliyenunua moja akamleta shemeji yake. Ya tatu, namba 45, mpaka leo iko chini ya kitanda. Sasa najua namba kubwa wateja wangu hawazitaki, na kulijua hilo kumenigharimu jozi moja badala ya ishirini.

Tusidanganyane pia. Usiku ule Iverson alifunga pointi 37, lakini Bulls walishinda 108 kwa 104. Msimu wote 76ers walishinda mechi 22, wakapoteza 60. Kumpita Jordan mara moja hakukuleta ubingwa. Ila kijana hakurudi nyuma. Mwezi uliofuata alifunga pointi 40 na zaidi katika mechi tano mfululizo, na msimu ulipoisha akachaguliwa mchezaji bora kati ya wageni wa ligi.

Na mimi zile kurasa kubwa bado zinaniuzia mbele ya macho. Tofauti ni kwamba sasa zikishusha bei sikimbilii kushusha. Kikoba cha mwezi huu nimelipa kwa faida.

Haya, nawe tuambie kwenye maoni: katika bidhaa unayouza, ni kitu gani unakijua kuliko ukurasa mkubwa unaouogopa? Anza na hicho. Jaribu kidogo kwanza, mteja akifuata, ongeza.