Malori ya Malaba na Kumbukumbu ya Ndege

Malaba, mpakani kati ya Tororo na Kaunti ya Busia, foleni ya malori ya kwenda Kampala na Kigali huweza kunyoosha barabarani mchana kutwa. Dereva hazimi injini kwa kuwa hajui foleni itasogea saa ngapi. Katikati ya honi na milio ya breki za upepo, mnana anasuka kiota, na mtoto yuko darasani anafanya hesabu.

Kelele hudhuru masikio, hilo tunalijua. Zinagusa pia kumbukumbu ya muda mfupi, ile inayoshika jambo kwa sekunde chache mpaka litumike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwajaribu finchi milia, ndege wadogo wenye asili ya Australia. Walifichiwa chakula, wakatakiwa kukumbuka kilipo. Waliosikilizishwa sauti iliyorekodiwa ya magari yanayopita walifanya vibaya kuliko waliokuwa kwenye utulivu, na hata kujifunza kwa kuwatazama wenzao kuliwawia vigumu.

Hao ni ndege wa kizimbani, na mnana wa Malaba hajapimwa hapo. Lakini ikiwa ndege wa porini nao huathirika hivyo, mkulima wa mahindi ana sababu ya kujali, maana wengi wao humlia viwavi shambani.

Kwa watoto ushahidi ni wa zamani zaidi. Uwanja wa ndege wa Munich, Ujerumani, ulihamishwa mwaka 1992. Watoto waliokaa karibu na ule wa zamani waliimarika katika kusoma na katika kumbukumbu, ya muda mfupi pia. Waliokaa karibu na uwanja mpya walirudi nyuma katika kusoma na kumbukumbu ya muda mrefu. Kwangu hili linatia moyo sana: kelele zikiondoka, akili ya mtoto hupata nafuu.

Kwenye mpaka huohuo, kituo cha pamoja cha mpakani Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018 ili mizigo ipite haraka. Faida yake huhesabiwa kwa saa na shilingi; utulivu wa madarasa jirani nao uhesabiwe. Mstari mmoja wa miti hauzuii sauti sana, ukuta hufaa zaidi, ila ni ghali. Kamati ya shule inaweza kuanza kwa kuomba malori yasiegeshwe mbele ya madarasa, na mwalimu akapanga kipindi cha kusoma asubuhi kabla foleni haijashika.