Mwezi Mmoja, Ngome Mbili

Tulipokuwa wadogo huku pwani tulisimuliwa habari za Mbaruk bin Rashid wa Gazi mpaka tukazijua kama tulivyozijua juzuu za chuoni. Tulisimuliwa alivyoukataa utawala wa Kiingereza, alivyojiimarisha katika ngome yake ya Mwele, na majeshi ya Admeri Rawson yalivyoiteka ngome hiyo mwezi Agosti 1895, hata mwaka uliofuata Mbaruk akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani. Nilikua nikidhani kuwa mwezi ule bunduki zililia kwetu peke yetu.

Dhana hiyo ilinitoka Bungoma. Nilipanda matatu Kitale asubuhi, mahindi kulia na kushoto, tukapita Kiminini na Misikhu hadi Webuye. Hapo mzee mmoja mwenyeji akanipandisha kilima cha Chetambe. Juu palikuwa na ngome ya handaki na boma la udongo, ambamo Wabukusu na Watachoni walijikinga, wazee, wanawake na watoto wakiwa ndani pamoja na wapiganaji.

Chanzo kilikuwa bunduki. Wabukusu walikuwa wamezipata bunduki za askari wa Kisudani waliotoroka jeshi la Waingereza. Bwana Hobley, aliyekuwa na kituo chake Mumias, akazidai, wakakataa. Kikosi cha askari wa Kisudani kilichotumwa kuzichukua kikauawa. Ndipo likaja jeshi kubwa, na Waganda wakiwamo, likaipiga kwanza ngome ya Lumboka, kisha Chetambe. Mwezi ulikuwa Agosti 1895, mwezi ule ule wa Mwele. Lakini wakati huo nchi hiyo ya magharibi ilihesabiwa kuwa ya Uganda, na ilibaki hivyo hadi 1902. Basi vita vikaandikwa katika madaftari mawili, na sisi wajukuu tukasoma kila mtu daftari lake.

Mzee aliitazama kofia yangu, kisha akasema, "Sheikh, wale Wasudani walioletwa hapa walikuwa watu wa kuswali kama wewe."

Sikuwa na la kumjibu ila kweli. Nikamwambia hata Mwele, pamoja na mabaharia wa Kiingereza, walikuwamo askari wa Kisudani na askari wa Sultani wa Unguja. Mkoloni hakuuliza dini ya mtu alipotafuta wa kumpigania, wala hakuiuliza alipotafuta wa kumpiga. Machi 1906, katika kisiwa cha Jolo huko Ufilipino, Waislamu walioukataa utawala wa Marekani walipanda mlima Bud Dajo na wake zao na watoto wao. Waliuawa huko kwa mamia. Anayepajua Chetambe hatahitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya kushindwa kukaja kupokonywa. Wilaya ya Trans Nzoia, ambayo Kitale ndiyo mji wake, ikagawiwa walowezi wa Kizungu, na wenyeji wengi wakawa vibarua katika mashamba hayo. Katika miaka ya 1940 akatokea Elijah Masinde, mtu wa Kimilili aliyewahi kusifika kwa kandanda, akaanzisha Dini ya Msambwa na kuwataka Wazungu warudi kwao. Septemba 1947 aliwaongoza maelfu ya watu hadi Chetambe kuwakumbuka waliouawa 1895. Serikali ikashtuka. Februari 1948 polisi waliupiga risasi umati huko Malakisi, watu wakafa. Dini ikapigwa marufuku, na Masinde akakamatwa akapelekwa kifungoni mbali na kwao.

Wapi? Lamu. Mji wetu wa Maulidi na madrasa ndio uliofanywa jela yake. Na katika yote niliyosimuliwa utotoni, hakuna aliyewahi kunitajia jina la mtu huyo.

Najua wapo watakaoniuliza: yatuhusu nini mambo ya matambiko? Kweli, dini yake si yetu, na kafara ya mizimu hatuna. Lakini kuwakumbuka waliotangulia tunakujua. Ndiyo maana tuna ziara na hitma. Mtu aliyekwenda kuhesabu wafu wake mahali walipoangukia, na kwa hilo akatiwa pingu, hawezi kuwa mgeni kwetu. Walimu wetu wanaosomesha habari za Mbaruk nawaisomeshe na Chetambe katika kipindi hicho hicho.

Tulipokuwa tukishuka nilimtajia mzee tena jina la Mwele. Akasimama. "Kwani nanyi pwani mlipigana?" akauliza.

Tukatafuta kivuli tukakaa, nami nikaanza kumsimulia toka mwanzo.