Uwatu, Mkaja na Arobaini ya Mzazi

Wageni wanaoandika kuhusu uzazi wa Waswahili wa Unguja, Pemba na pwani ya Mrima wamezoea kuzitia dawa zote za mitishamba katika kapu moja na kuzihukumu kuwa sumu au ushirikina, ilhali mila yenyewe haikupata kuzichanganya hivyo. Arobaini, yaani siku 40 anazokaa ndani mwanamke aliyejifungua, ambaye katika muda huo huitwa mzazi, ilikuwa na utaratibu wake: mzazi alikandwa kwa maji ya moto, akafungwa tumbo kwa mkaja, ambao ni kitambaa kirefu cha kubana kiuno, akanyweshwa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na akapewa uwatu, mbegu chungu za rangi ya manjano zinazoaminiwa kuongeza maziwa. Sehemu kubwa ya vitu hivyo ilitoka jikoni, na kwa kiasi cha chakula si vya kuogopwa.

Hata hivyo, uwatu ukitumiwa kwa wingi waweza kuufanya mfuko wa uzazi ujikaze na kushusha sukari ya damu, na ushahidi kwamba unaongeza maziwa ungali dhaifu. Kwa hiyo mila ilipouweka baada ya kujifungua, na si kabla, ilimkinga mjamzito hata kama haikueleza sababu. Vivyo hivyo shubiri, utomvu mchungu unaoharisha, ilipakwa kwenye chuchu wakati wa kumwachisha mtoto ziwa ili alikatae mwenyewe; haikuwa kinywaji cha mama anayenyonyesha.

Lisilo na utetezi ni dawa za kuzidisha uchungu wa kujifungua, kwa kuwa nguvu yake haipimiki na mfuko wa uzazi waweza kupasuka, hasa kwa mwanamke mwenye kovu la upasuaji. Mwarobaini nao, ambao umesababisha mimba kuharibika katika majaribio ya wanyama, haufai kushika nafasi ya dawa ya malaria kwa mjamzito.

Kinachosikitisha ni kwamba majani yamebaki na mwenye kuyajua ameondoka. Mkunga wa jadi, aliyeujua mwezi wa mimba na historia ya nyumba nzima, nafasi yake imechukuliwa na mchuuzi wa sokoni anayeuza unga uliochanganywa, ndani ya mfuko usio na jina, bila kumuuliza mnunuzi kama ana mimba au ananyonyesha. Mkaja na kukandwa, ambavyo havimezwi, ndivyo vinavyoachwa kwanza. Kliniki nayo, kwa kukemea kila jani, imewafunza wanawake kuficha: aulizwapo kama anatumia mitishamba, mjamzito hukana, na muuguzi humwandikia dawa nyingine pasipo kujua itakutana na nini tumboni.