Mara ya Tatu Ndipo Huinuka

Wayahudi humwita anayewasalisha shaliah tsibur, yaani mjumbe wa jamaa. Ukilishika jina hilo, mengine yote utayaelewa. Cheo hiki si cha kuzaliwa nacho kama ukuhani. Kwa kawaida ya kale, mwanamume yeyote aliyetimiza miaka 13, anayeyajua maneno na anayekubalika na wenzake, aweza kusimama mbele ya sanduku la magombo ya Torati akasalisha. Sisi husema mjumbe hauawi. Kwao pia hauawi, ila akikosea katika sala, Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika karibu mwaka 200, unahesabu kuwa ni ishara mbaya kwa waliomtuma.

Kazi hii ilikuzwa na uhaba wa vitabu. Zamani wengi hawakuwa na kitabu cha sala, wala hawakuijua kwa moyo Amida, ile sala kuu ya kusimama. Basi watu walisali kimya kwanza, kisha mjumbe akairudia kwa sauti. Asiyejua akasikiliza na kuitikia Amina, ikahesabiwa kuwa naye amesali. Leo vitabu vimejaa rafuni, na mjumbe bado anarudia.

Kuitwa nako kuna adabu yake. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, inafundisha kwamba anayeombwa kusalisha hukataa mara ya kwanza, mara ya pili husitasita, mara ya tatu huinuka akaenda. Anayekurupuka bila kukataa analinganishwa na chakula kisicho na chumvi. Anayekataa kupita kiasi, na chakula kilichozidi chumvi. Mpishi yeyote wa Lamu angeelewa bila kufafanuliwa.

Sifa za mtu wa kuchaguliwa zimeandikwa tangu kale: mnyenyekevu, ambaye ujana wake haukuwa na doa, anayependwa na watu, anayejua Maandiko, mwenye sauti tamu. Kwa siku za mfungo wa kuomba mvua, wazee walitaka mtu mwenye watoto wa kulisha na nyumba isiyo na kitu, ili dua yake itoke moyoni. Naona hekima kubwa hapo: aliyeshiba huomba mvua kwa ulimi tu.

Yosef Karo wa Safed, ambaye kitabu chake cha sheria kilichapwa Venice mwaka 1565, aliruhusu hata mtu mmoja kumpinga anayetaka kuwekwa kuwa msalishaji, mradi hakuwa amekwisha kumkubali. Moshe Isserles wa Kraków akaongeza sharti kwamba pingamizi liwe na sababu. Kwa siku kuu za Mwaka Mpya na Yom Kippur, siku ya toba, Isserles alipendelea mtu mwenye ndoa aliyefika miaka 30, lakini akakiri kwamba kila Myahudi anafaa akikubalika. Na anayejitwalia nafasi kwa nguvu? Haitikiwi Amina. Sijui adhabu kali kuliko hiyo kwa mtu wa aina yake.

Katika siku za kawaida mzigo wote huwa mabegani mwa gabai, msimamizi wa mambo ya sinagogi, ambaye mara nyingi hujitolea tu. Asubuhi huhesabu vichwa hadi wafike kumi, idadi inayohitajika kwa sala ya jamaa. Kisha anauliza nani ana msiba. Aliyefiwa na mzazi husema Kadishi, sala ya wafiwa, kwa miezi 11, na desturi ya Wayahudi wa asili ya Ulaya Mashariki humtanguliza kusalisha siku za kazi, hata kama sauti yake ni ya chura. Wakitokea wafiwa wawili, gabai huwagawia: mmoja husalisha sehemu kubwa, mwingine humalizia. Kigumu zaidi ni mfiwa mwenye kujivuta. Wengine wanatazama saa, kazini wanangojewa, na nani atamharakisha mtu aliyezika mama yake juzi? Waliowahi kusalishwa na imamu mwenye kurefusha wanajua kero hii haina dini.

Siku ya Sabato wafiwa hao hukaa pembeni, na sauti hupewa nafasi yake. Hapo ndipo alipo hazani, msalishaji mwimbaji, ambaye makutaniko mengine humlipa mshahara. Yossele Rosenblatt, hazani wa New York, mwaka 1918 alikataa kuimba katika opera ya Chicago kwa pesa nyingi. Aliona nafasi yake ni sinagogi. Makutaniko ya Kiorthodoksi yamebaki na wanaume, lakini mwaka 1975 tawi la Reform nchini Marekani lilimtawaza mwanamke, Barbara Ostfeld, kuwa hazani. Huku kwetu, Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa Mbale, Uganda, huimba zaburi kwa Kiluganda pamoja na Kiebrania.

Na mjumbe akikwama katikati ya Amida, akapotea kabisa? Mwingine huwekwa mahali pake, naye huanza tangu mwanzo wa baraka ile aliyopotea mwenzake. Saa hiyo hakuna kukataa wala kusitasita. Watu wamesimama wanangoja, na Mishna imemkataza kujivunga.