Tonado Hutokea Wapi, na Mara Ngapi?

Video za upepo unaong'oa mapaa zinaposambaa kwenye simu, wakazi wengi huuliza iwapo tonado inaweza kufika kwetu.

Tonado ni upepo unaozunguka kwa kasi kubwa, ukiwa umeungana na wingu la mvua ya radi juu na kugusa ardhi chini. Kisulisuli kinachoinua vumbi wakati wa jua kali si tonado, kwa kuwa hakitoki winguni. Kimbunga cha baharini pia ni tofauti: huwa na upana wa mamia ya kilomita na hudumu siku kadhaa, ilhali tonado nyingi huisha kabla ya dakika 10.

Marekani ndiyo inayoongoza, ikiwa na takriban tonado 1,200 kwa mwaka. Nyingi hutokea kati ya Aprili na Juni, hewa yenye joto na unyevu kutoka Ghuba ya Mexico inapokutana na hewa kavu na baridi juu ya tambarare za katikati ya nchi. Kanada, Argentina, Bangladesh, Australia na nchi kadhaa za Ulaya pia hupata tonado. Barani Afrika, Afrika Kusini hupigwa mara kwa mara. Tarehe 15 Desemba 1998, tonado ilipiga mji wa Mthatha wakati Rais Nelson Mandela alikuwa ndani ya duka la dawa mjini humo. Hakuumia.

Hata hivyo, wingi wa tonado si wingi wa vifo. Tonado iliyoua watu wengi zaidi ilitokea Bangladesh tarehe 26 Aprili 1989, ambapo takriban watu 1,300 walifariki. Nyumba zilikuwa dhaifu na watu waliishi kwa msongamano.

Nchini Kenya, tonado ni nadra. Katika Ziwa Victoria huonekana nguzo za maji zinazozunguka, ambazo ni hatari kwa mashua. Lakini upepo wa kawaida wa mvua ya radi unatosha kung'oa mabati.

Wakazi wanashauriwa:

• Kukaza mabati na mbao za paa kabla ya msimu wa mvua.
• Kuingia ndani upepo unapoanza, na kukaa mbali na madirisha.
• Kutojikinga chini ya miti au mabango.
• Wavuvi kurudi ufuoni mapema wingu jeusi linapotanda.
• Kufuatilia utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa.